Kapelo ya Yanga na sikio langu la kushoto

Mwanzoni mwa 2014 nilikuwa nyumbani Ndungu, Same, nasubiri matokeo ya form four, na kwetu huko kwenye mpunga kijana asiye na kazi anapewa kazi moja tu, kuamia ndege. Yaani unashinda shambani na kopo na manati toka jua linachomoza mpaka linazama. Mimi nina ualbino. Najua mnachofikiria, ila nani angebaki nyumbani kula bure?

Nilikuwa na kapelo ya Yanga, zawadi ya mjomba, naivaa mpaka usingizini, na kila mtu ananisifia huyu kijana anajitunza. Kapelo inafunika utosi na paji la uso basi, masikio yako nje yanaungua siku nzima, na hakuna aliyeliona hilo hata mimi mwenyewe.

Kidonda kilitoka juu kabisa kwenye ukingo wa sikio la kushoto, kidogo kama punje ya mchele, kina gamba gumu, nikilibandua damu kidogo halafu baada ya siku mbili gamba limerudi. Zahanati moja wakanipaka GV, ile dawa ya zambarau. Nikarudi wakanipaka tena, na vidonge juu, miezi minne natembea na sikio la zambarau na kidonda sasa kimefika ukubwa wa punje ya hindi, hakuna hata mmoja aliyesema hebu tukate kipande tukipime. Bibi ndio alikuwa anagombana na mimi, "mume wangu hilo sikio linaoza unacheka cheka tu."

Basi likatoka tangazo msikitini na kanisani, madaktari wa ngozi kutoka hospitali ya KCMC Moshi wanakuja kituo cha afya, wenye ualbino wote waende. Bibi akanipeleka kama mtoto wa chekechea.

Dokta akanivua shati, akaanza kuangalia na kioo cha kukuzia, nyuma ya shingo, midomo, mpaka nyuma ya masikio. Halafu akafanya kitu ambacho sijakisahau, alifumba macho akapitisha kidole taratibu mgongoni mwa mkono wangu, akasema hivi vipele vya mwanzo vya jua mara nyingi unavisikia kwa kidole kabla hujaviona, ni kama msasa. Akanishika kidole changu mwenyewe akanipitisha, kweli msasa. Vile vya mikononi akavipulizia nitrojeni, inatoka inafuka moshi kama friza limefunguliwa, ni baridi ila inaunguza dah, usiku ule yakatoka malengelenge.

Alipofika kwenye sikio akanyamaza. Akanipapasa shingoni na chini ya taya anatafuta tezi, hakukuta, akamwambia bibi, "Mama, hili sio la kupulizia, hili aje Moshi tulikate." Bibi akauliza sikio lote? Akasema hapana, ila mkichelewa itakuwa lote.

Wiki iliyofuata mimi na mjomba tuko kwenye basi la alfajiri. Ganzi ndio iliuma, sikio halina nyama ya kupokea sindano jamani, baada ya hapo nasikia tu mkasi unakata kama unakata kitambaa kigumu karibu kabisa na ubongo. Wakatoa kipande cha pembe tatu, wakaunganisha kingo kwa nyuzi, kipande kikaingia kwenye kichupa kikaenda maabara. Sista akanionyesha kwanza, nilijuta kuangalia.

Majibu yalikuja ni kansa ya ngozi, ile wanayoiita skwamasi, dokta akasema ndio inayotusumbua sana sisi wenye ualbino huku Afrika, ila kingo zote za kipande zilikuwa safi, maana yake wameing'oa yote. Mjomba akauliza mara tatu, yote? yote kabisa? Nikapewa tarehe ya kurudi kukaguliwa na kopo la Kilisun, mafuta ya kukinga jua, walikuwa wanayatengeneza hapo hapo KCMC, tena nilipewa bure. Sikio limebaki na pengo dogo juu, wanaonijua wanalitumia kunitambulisha.

Njiani mjomba alishuka stendi akaninunulia pama, kubwa balaa, nikikaa kwenye basi linagusa mtu wa kulia na wa kushoto. Kapelo bibi akaivisha sanamu la shambani, mjomba hakumsemesha siku mbili. Ndege wenyewe hata hawakuiogopa, walikuwa wanatua juu yake.