Canter yangu ilizima kila nilipoachia mafuta

Nilianza kuliogopa gari langu mwenyewe kwenye kona za Soni. Tulikuwa tumepakia kabichi Lushoto, tunateremka kwenda Mombo. Nikakanyaga klachi niingize gia ya pili, injini ikanyamaza. Usukani ukawa mzito palepale, na pedali ya breki ikawa ngumu kama nimekanyaga jiwe. Asiyewahi kuendesha Canter za zamani ajue kwamba breki zake zinasaidiwa na vakyumu, yaani nguvu ya kufyonza hewa, na pampu ya vakyumu imefungwa nyuma ya altaneta, inazunguka na injini. Injini ikizima unabaki na akiba ya kukanyaga mara chache tu, baada ya hapo ni nguvu za mguu wako. Nikaachia klachi, magurudumu yakaizungusha injini, ikawaka. Mpwa wangu, ambaye ndiye utingo wangu, hakusema neno mpaka tukafika Mombo.

Gari lenyewe ni Mitsubishi Fuso Canter yenye injini ya 4D32, dizeli, silinda nne. Haina kompyuta ya kukuambia inaumwa wapi. Nililinunua kwa mtu aliyekuwa akibebea samaki na barafu kutoka Deep Sea, hapa hapa Tanga mjini.

Barabarani halikuwa na shida. Mlima linapanda, mzigo linabeba. Lakini likiwa sailensi, mguu hauko kwenye mafuta, linaanza kutetemeka, mlio unashuka, unapanda kidogo, unashuka tena, kisha kimya. Na si kila siku. Kuna wiki nzima lilikuwa zima kabisa, nikaanza kuamini limepona lenyewe.

Fundi wa kwanza alizungusha skrubu ya sailensi, akapandisha mizunguko. Kweli halikuzima kwa siku kadhaa, lakini kwenye foleni liliunguruma kama limekanyagwa, na ugonjwa ukarudi vilevile. Fundi wa pili alisikiliza nusu dakika akasema pampu ya dizeli imekwisha: ishushwe, ipelekwe kwa fundi pampu pamoja na nozeli zote nne zinazonyunyiza dizeli kwenye silinda. Gharama yake ilikuwa zaidi ya faida yangu ya msimu mzima wa machungwa ya Muheza. Bei sikumlaumu, pampu ni kazi ya watu wachache. Kilichoniuma ni kwamba hakuuliza hata swali moja. Linazima likiwa la moto au la baridi? Asubuhi linawaka kwa shida? Tanki lina mafuta kiasi gani?

Swali hilo la mwisho lilijibiwa na mpwa wangu, tena bila kuulizwa. Tulikuwa tunajaza mafuta Segera, akasema, "Mjomba, mbona tukijaza haizimi?" Nikakaa kimya nikihesabu safari moja moja. Siku ya Soni geji ilikuwa robo. Siku lilipozima Pongwe, robo. Siku za uzima wake, tanki lilikuwa limejaa. Kumbe lile gari lilikuwa linaniambia siku zote.

Pampu mbovu haijui tanki lina mafuta kiasi gani. Njia ya kuvutia mafuta ndiyo inayojua. Tanki likijaa, usawa wa mafuta uko juu, fidi pampu, ile ndogo inayovuta mafuta kutoka tankini, haivuti kwa nguvu. Likishuka, inabidi ivute zaidi, na penye tundu dogo hewa inaingia. Tena bomba la upande wa kuvuta likitoboka, mara nyingi halidondoshi hata tone injini ikiwaka, linafyonza. Ndiyo maana nilikuwa nakagua chini ya gari kila siku na kukuta pakavu. Mwendoni injini ina kasi ya kuivuka povu moja. Ikiwa sailensi kila silinda inapewa tone dogo sana la dizeli, na povu likichukua nafasi ya tone hilo, hakuna kasi ya kuibeba injini mpaka zamu inayofuata.

Nikaegesha nyumbani Makorora, nikaamua sitoi shilingi ya pampu mpaka nimalize njia ya mafuta. Nilibadilisha filta na kumwaga nje maji yaliyokuwa kwenye chujio lake. Kisha nikafungua ile bolti yenye tundu pale mafuta yanapoingilia kwenye fidi pampu, ambayo ndani yake ina kiwavu kidogo ambacho wengi hawajui kama kipo. Kilikuwa na uchafu, lakini hakikuziba. Nikaweka washa mpya za kopa, zile pete za kuzuia kuvuja, nikatoa upepo kwenye njia ya mafuta, nikawasha. Likazima vilevile.

Ndipo nikafanya kipimo ambacho ningekianza mwanzo kama ningekuwa na akili ya leo. Nilichomoa mpira unaotoka tankini, nikapandisha dumu la lita 20 la dizeli safi juu ya bodi, nikaunganisha mpira kutoka kwenye dumu moja kwa moja hadi fidi pampu. Mafuta yakiwa juu yanasukuma yenyewe; kiungo cha karibu na injini kilichokuwa kinafyonza hewa kingevuja nje nikione. Nikatoa upepo, nikawasha, nikakaa kwenye kigoda. Saa nzima likiwa sailensi halikutikisika. Viungo vyote vikavu. Pampu ilikuwa nzima, nozeli zilikuwa nzima. Niliinuka nikamwita mke wangu aje asikilize.

Lililobaki ni kati ya tanki na injini. Jirani yangu fundi mwashi aliniazima kipande cha ule mpira mweupe wa kupimia levo kwa maji. Nikaufunga kati ya bomba la tanki na fidi pampu ili niyaone mafuta yakipita. Vipovu vilipita kama shanga, na kila kundi likipita, baada ya muda mlio unashuka. Nikaruka bomba la chuma, nikatumbukiza mpira tankini moja kwa moja: mafuta yakapita safi. Basi ni bomba.

Nililishusha, nikaziba mwisho mmoja, nikalizamisha kwenye karai la maji, mpwa wangu akapuliza kwa pampu ya baiskeli. Vipovu vikatoka sehemu moja tu, chini ya klipu inayolishika kwenye chesisi. Nilipoikwaruza kutu nikaona kitundu kisichozidi ncha ya sindano. Pale juu yake ndipo ubao wa bodi una mwanya. Miaka yote ya barafu na samaki, maji ya chumvi yalikuwa yanadondokea hapo na kukaa ndani ya klipu, yakila bomba taratibu.

Niliweka bomba jipya, kila klipu nikaivalisha kipande cha mpira wa tyubu, na bomba lenyewe nikalisogeza mbali na ule mwanya. Halafu nikairudisha skrubu ya sailensi ilipokuwa kabla ya fundi wa kwanza kuigusa.

Wiki iliyofuata nilipanda Lushoto na kwa makusudi sikujaza tanki. Kabla ya kuteremka nilimwambia mpwa wangu tutashuka taratibu, gia ya pili tangu juu. Kwenye sehemu tambarare ya Soni nikakanyaga klachi, mguu mwingine ukiwa tayari kwenye breki, geji ikiwa robo. Injini ikashuka, ikatulia, ikaendelea kuzunguka. Mpwa wangu akanigeukia, "Mjomba, umesikia?" Nikamwambia nimesikia.