Alhamisi ya maji

Mwaka 2016 nilikuwa Valencia, Hispania, kwa masomo ya miezi michache. Mwenye nyumba wangu, mzee aliyewahi kulima michungwa, alinishika mkono Alhamisi moja: "Twende ukaone mahakama ya maji ya wakulima, isiyo na karatasi." Nikatega kipindi.

Tulifika Mlango wa Mitume wa kanisa kuu, tukakuta viti ndani ya uzio mdogo wa chuma. Kengele ya mnara ilipogonga saa sita, wakatoka wazee wanane wenye mavazi meusi ya kikulima, kila mmoja kachaguliwa na wakulima wa mfereji wake. Tarishi, mkononi kitu kama chusa cha shaba, akaita: "Walioshtakiwa wa mfereji wa Quart!" Kimya. Mislata, kimya. Favara, kimya. Majina yakaisha, wazee wakainuka, wakaenda zao. Hata dakika kumi hazikutimia!

Mkahawani mzee alinicheka, kisha akanieleza kesi inavyokwenda ikiwapo. Watu husema kwa mdomo, Kivalencia. Mshtakiwa akiwa wa ukingo wa kulia wa mto Turia, wanaohukumu ni wazee wa kushoto, jirani asije akambeba jirani. Hukumu hutoka palepale, na rufaa hakuna.

Tarishi yule wanamwita alguacil, kutoka al-wazir ya Kiarabu: waziri wetu huyuhuyu, kashushwa cheo. Baadaye nikaelewa kwa nini. Mfalme Jaume wa Kwanza aliuteka mji kwa Waislamu mwaka 1238. Msikiti mkuu akaufanya kanisa. Lakini alipowapa wakazi mifereji mwaka uliofuata, sheria ya mji, Furs, ikaandikwa kwamba maji yatumiwe kama ilivyokuwa desturi enzi za Wasarasini, yaani walewale aliowashinda. Sentensi hiyo niliisoma mara mbili. Angefanyaje? Zamu za maji zilijulikana na waliokuwa wakimwagilia, si na wapanda farasi wake.

"Na kwenu mnagawanaje?" mzee akauliza.

Nikamsimulia mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, wa kijijini kwetu Machame, Kilimanjaro. Usiku mmoja babu alizibua tope na majani ya mgomba, maji yakaingia kihambani kwake, shamba lake la migomba, na zamu haikuwa yake. Wazee wakamtoza debe la mbege, pombe ya ndizi, wakalinywa palepale.

"Na yeye akanywa?"

"Kuliko wote."