Mzee wa Dafu

Ilikuwa Septemba 2008, mwezi wa Ramadhani. Alasiri baada ya shule nilikuwa namsaidia mjomba kuuza madafu pale Mikindani, chini ya Boma la Mjerumani.

Siku hiyo akasimama mzee wa Kiingereza, jasho linamtiririka. Nikamkatia dafu, nikampa kwa mikono miwili kama nilivyofunzwa nyumbani. Akalipokea, akaliinua kidogo, akanitazama na kusema, "Cheers."

Neno hilo nililijua kwa jambo moja tu: kwenye sinema watu hulisema wanapogonganisha glasi za pombe. Na mimi nimefunga! Nikaona ameitukana saumu yangu. Nikakunja uso, chenji yake nikaiweka juu ya meza badala ya kumpa mkononi. Alipoichukua akasema tena, "Cheers." Hapo nikampa mgongo kabisa.

Mjomba aliona yote. Ujanani alikuwa kuli bandarini Mtwara, akazoea maneno ya mabaharia. Akanivuta pembeni.

"Amekushukuru huyo. Asante ya Waingereza ndiyo hiyo."

"Mjomba, hilo ni neno la walevi."

"Basi muulize mwenyewe."

Nikamuuliza, kwa Kiingereza changu cha kidato cha tatu. Mzee hakuchukia. Alisema kwao unamwambia hivyo dereva wa basi unaposhuka, mwenye duka akikurudishia chenji, hata rafiki mkiagana kwenye simu. Ila Marekani, akasema, ukimshukuru mtu kwa neno hilo atashangaa, maana wengi wao wanalijua la kwenye glasi tu. Nilimwomba radhi. Akanipa mkono.

Usiku, baada ya futari, mjomba alimsimulia bibi. Bibi akanitazama kwa muda.

"Mjukuu wangu, mwenzio kakukunjulia uso, wewe ukamkunjia wako."

Maneno hayo yalinichoma kuliko kemeo lolote.

Miaka mingi baadaye, nikiwa Dar es Salaam, nilifungua kamusi kubwa ya Kiingereza nikalitafuta neno lile. Limetoka Kifaransa cha kale, na maana yake ya kwanza ni uso. Uso! Baadaye likawa hali ya moyo inayosomeka usoni, kisha uchangamfu wenyewe. Kulisema mbele ya glasi kulianza mwanzoni mwa karne ya 20, na ile asante ya mzee wangu ni changa zaidi, ya miaka ya 1970 hivi. Nikabaki nimeushika ukurasa ule. Bibi hakuwahi kusoma Kiingereza hata siku moja.

Nilimpigia simu usiku uleule.

"Yule mzee wa dafu?" akauliza. "Alisemaje vile?"

Nikamtamkia. Akalirudia polepole, mara mbili, kama anayeonja chumvi kwenye mchuzi: "Chiazi. Chiazi."