Injini ya Toyota Niliyoitoa Katika Peugeot 504 ya Baba

Marehemu baba yangu aliendesha Peugeot 504 ya stesheni, ile yenye safu tatu za viti, kati ya Nakuru na Nairobi, katika enzi ambazo msafiri aliyekuwa na haraka hakusema anapanda matatu bali alisema anapanda Peugeot. Alipotuacha, gari lilibaki uani likiwa na injini iliyochemka hadi maji yakachanganyika na oili. Niliamua litembee tena, na liende mbio kuliko lilivyokwenda zamani. Leo linatembea, na ninaandika kwa fahari, lakini pia kwa sababu ushauri nilioupata mwanzoni ulinigharimu muda na fedha nyingi.

Ushauri wenyewe ulikuwa mmoja, kutoka kwa mafundi, majirani na hata mjomba wangu: "Tia injini ya Toyota upumzike." Sababu zao zilikuwa na uzito, kwa kuwa spea za Toyota zinapatikana kila mji na hakuna fundi asiyeijua. Nilikubali. Nilinunua injini na giaboksi yake kwa bei ambayo wakati ule niliiona nafuu, nikamkabidhi fundi mmoja aliyesifiwa sana.

Fundi huyo alichomelea mabano mapya na kuisimamisha injini wima mahali ambapo ile ya Peugeot hulazwa upande kwa nyuzi 45. Kisha akafika kwenye bomba. Katika 504 ya stesheni, shafti inayopeleka nguvu nyuma haizunguki wazi kama propela ya magari mengi. Imo ndani ya bomba nene la chuma ambalo nyuma limefungwa kwa bolti kwenye difu (kisanduku cha gia katikati ya ekseli, mhimili wa magurudumu ya nyuma), na mbele limeshikana na mkia wa giaboksi kwa kiungo cha mviringo, mfano wa kichwa cha mfupa wa paja ndani ya nyonga. Giaboksi ya Toyota haina mahali pa kulipokea bomba hilo. Fundi akaliondoa, akaweka propela ya kawaida yenye krosi mbili, yaani viungo vinavyoiruhusu kujikunja, akaniambia kwamba lile lilikuwa pambo la Wafaransa.

Siku ya kwanza nilipoondoka kupanda kuelekea Milimani, kulisikika kishindo chini ya sakafu. Niliposhika breki kwenye njia panda, kishindo kikarudi. Nikaambiwa ni shokapu, nikabadilisha shokapu. Nikaambiwa ni bushi, nikabadilisha bushi. Wiki ya tatu, karibu na Gilgil, krosi ya nyuma ilivunjika na nikavutwa kwa kamba hadi nyumbani, nikiwa na hasira ambayo sikuwa nimewahi kuihisi juu ya gari lolote.

Hapo niliacha kusikiliza watu nikaanza kulisikiliza gari. Nilitia krosi mpya, nikafunga simu chini ya sakafu ikirekodi video, nikachora mstari wa chaki kwenye pua ya difu, kisha nikaweka magogo mazito mbele ya magurudumu. Mwanzoni nilikuwa nimezuia gari kwa breki ya mkono, na video haikuonyesha kitu. Nilitafakari usiku mzima kabla ya kuelewa kwamba breki hiyo hushika gurudumu na ekseli kwa pamoja, kwa hiyo msokoto unaishia humo humo na kasoro inajificha. Kwa magogo, gurudumu huzuiwa na ardhi, na ekseli huachwa ionyeshe tabia yake. Nilipoachia klachi polepole kidogo tu, mstari wa chaki ulipanda kiasi cha upana wa vidole vitatu. Nilipoweka gia ya kurudi nyuma na kuhamisha magogo, ulishuka. Difu ilikuwa inanyanyua na kuinamisha pua kila nilipoondoka na kila nilipofunga breki!

Bomba lile ndilo linaloizuia ekseli ya 504 ya stesheni isijisokote. Katika Hilux ya kale, kazi hiyo hufanywa na springi za mabamba zilizofungwa juu ya ekseli, ndiyo maana propela wazi inatosha. Gari la baba lina koili mbili kila upande, nazo hubeba uzito tu, haziwezi kushika msokoto. Kwa hiyo injini ya Toyota haikuwa mbaya hata kidogo. Nilimuuzia kijana mwenye Hilux, na hadi sasa inafanya kazi vizuri.

Ndiyo sababu mabishano ya sifa za magari hunichosha yanapoendeshwa kwa majina matupu. Wapenzi wa Peugeot hukimbilia Safari Rally, na kweli Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963 na tena mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, kisha 504 ikashinda 1975 mikononi mwa Ove Andersson na 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Lakini lile la 1978 lilikuwa "coupé", gari la milango miwili, lenye injini ya V6, tofauti sana na stesheni ya kubeba abiria na magunia. Wapenzi wa Toyota nao husema magari ya Ulaya ni dhaifu, wakati ninaloliona mimi ni gari lililoundwa kwa njia ya kigeni, likiwa mikononi mwa fundi asiyejali kwamba ni geni.

Mfano ni injini ya zamani yenyewe, niliyoirudisha. Slivu zake, mitungi ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinaweza kutolewa, nazo zimezungukwa na maji, zikikaa juu ya sili nyembamba chini. Ukishafungua hedi, kifuniko cha juu cha injini, hakuna kinachozikandamiza, na ukizungusha krenki, mhimili unaoendesha pistoni, pistoni huzisukuma zikanyanyuka, sili huharibika, na maji hupata njia ya kuingia kwenye oili. Baba alibadilishiwa gasketi ya hedi mara tatu na kila mara injini ikarudi kuharibika, nasi tukalaumu Ufaransa. Mimi nilikata vipande vya paipu kuukuu, nikavivalisha kwenye bolti pamoja na washa pana zilizoegemea midomo ya slivu, nikakaza kiasi cha kuzishikilia tu. Baada ya hapo nilizungusha krenki nilivyotaka, bila slivu hata moja kusogea. Mtu akikwambia hatua hiyo si ya lazima, chukua gari lako uondoke gerejini kwake.

Kwa upande wa mwendo, niliweka kabureta kubwa zaidi na giaboksi ya gia 5 kutoka Peugeot 505. Angalizo langu ni kwamba itoke katika 505 ya stesheni, si ya saluni, kwa kuwa saluni nyingi zina magurudumu ya nyuma yanayojitegemea na bomba lao halihitaji kile kiungo cha nyonga. Stesheni zote mbili zina urefu sawa wa mita 2.9 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, nami nilinunua giaboksi, bomba na shafti kwa pamoja. Mkereza vyuma alirekebisha mambo madogo kwa siku moja. Jumla ya gharama sikuiandika popote, lakini ilikuwa chini ya ile niliyoipoteza kwa injini ya kwanza.

Jaribio la mwisho nililifanya kwenye mteremko wa Mai Mahiu, nikipanda kuelekea Limuru na watu sita ndani. Mshale wa joto ulitulia. Kule juu nilisimama, nikafungua boneti huku injini ikinguruma, na dereva mmoja wa lori akasogea, akatazama, akasema kwa huruma, "Ndugu yangu, fani yako imekufa." Nilimwomba asubiri. Fani ya gari hili, yaani feni ya kupoza injini, hushikwa kwa sumaku ya umeme pale tu maji yanapofikia joto fulani, na wakati mwingine hupumzika. Tulisimama pamoja dakika kama nne, tukisikiliza. Ikalia "tak", fani ikashika na kuanza kuvuta hewa, naye akainama kuiangalia tena kwa karibu.