Ufunguo wa sanduku la barua

Saa sita usiku imepita na bado niko macho. Nimemaliza kusoma tena Et dukkehjem, yaani nyumba ya mwanasesere, tamthilia ya Henrik Ibsen ya mwaka 1879. Nilipoisoma chuoni nilibaki na kile kishindo cha mlango, Nora akimwacha mume na watoto watatu. Darasani tulibishana kuhusu hao watoto hadi mwalimu akachoka. Safari hii mlango sikuujali sana. Kilichonikaa ni sanduku la barua.

Liko pale pale mlangoni, lina kufuli, na ufunguo anao mumewe Torvald peke yake. Ndani imelala barua ya Krogstad, aliyemkopesha Nora pesa kwa siri, inayofichua kila kitu. Nora anaiona kupitia kioo lakini hawezi kuigusa. Amejaribu kuchokonoa kufuli kwa kibanio cha nywele, kikavunjikia humo, na mume alipokikuta Nora akawasingizia watoto. Miaka minane ya ndoa, na anadokoa kwenye sanduku la nyumba yake!

Chanzo ni deni la kroner 4,800, alizokopa ili mume aliyekuwa mgonjwa akapate nafuu Italia. Mke hakuruhusiwa kukopa bila ridhaa ya mumewe, kwa hiyo alighushi saini ya baba yake kama mdhamini, tena vibaya: mzee alifariki tarehe 29 Septemba, saini ina tarehe 2 Oktoba. Nilicheka, kisha nikaona aibu kucheka. Nchini Norwe mwanamke asiye na mume alihesabiwa mtu mzima kisheria tangu 1863 akifikisha miaka 25. Akiolewa, utu uzima huo unamponyoka, na wake walisubiri hadi 1888.

Mahali nilipopapigia mstari ni pale anapomwambia rafiki yake Kristine jinsi alivyolilipa. Alipata kazi ya kunakili maandishi, akawa anajifungia chumbani kila jioni hadi usiku wa manane. Alichoka, lakini anasema ilikuwa raha kukaa akifanya kazi na kupata pesa, karibu kama mwanamume. Torvald yeye anajua mkewe alikuwa akitengeneza maua ya mti wa Krismasi, ambayo eti paka aliyararua yote. Nikamkumbuka shangazi na daftari lake la upatu, alilolificha chini ya mchele. Sura yake alipokuwa akilifungua ndiyo hiyo hiyo ya Nora, woga na majivuno pamoja.

Zamani nilimchukia Kristine kwa kuiacha ile barua isomwe wakati angeweza kuizuia. Leo sina hakika. Ni mjane, amejitegemea miaka, na ndiye anayemposa Krogstad mwenyewe, bila kumficha lolote.

Nora alitokana na mtu halisi. Laura Kieler, mwandishi aliyefahamiana na Ibsen, alikopa kwa siri ili mumewe mwenye kifua kikuu atibiwe, akakwama, akaghushi. Mume alipojua alimpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili na kumtenga na watoto. Alipotoka alirudi kwa mume yule yule. Alifariki mwaka 1932, na jina la Nora, ambalo hakulipenda, lilikuwa bado limemganda.