Miaka 12 nje ya Los Baños, na kipepeo cha Lola cha kujipepea

Wanangu mliopita Los Baños, Ufilipino, nimerudi. Hii wiki ya kumi na moja sasa, nilikuwa sitaki kuandika mpaka kichwa kitulie, kimegoma kutulia, basi naandika hivyo hivyo. Nyie mnaijua barabara ya Crossing mpaka geti la chuo, mnajua harufu ya buko pie, ile pai ya dafu, ikitoka kwenye oveni, mnajua mlima Makiling ukianza kujifunika wingu mchana kila mtu anatafuta mwavuli, sina haja ya kuwaelezea. Niliingia hapa 2001 nina miaka kumi, mzee alipokuja kwa mambo ya mpunga pale IRRI, taasisi ya utafiti wa mpunga, na mama akawa amerudi kwao, nikaondoka Oktoba 2013 kwenda Morogoro. Nilijua narudi baada ya mwaka, ikawa 12.

Kilichonirudisha ni Lola, yaani bibi yangu. Wengi wenu mmekula kwake, mnamkumbuka, yule bibi wa sinigang, supu ya uchachu, ya kila Jumapili ambaye alikuwa haulizi kama una hela, anauliza kama umekula. Mwanzoni mwa Septemba 2025 kiharusi kilimwangusha jikoni, Tita (huku ndivyo tunavyomwita shangazi au mama mdogo) akanipigia analia, siku ya nne nikawa kwenye ndege.

Vitu vidogo navipitisha haraka. Nauli ya chini ya jipni, daladala za huku, niliikuta peso 13, nilipoondoka ilikuwa haijafika 10. Kila mtu analipa kwa GCash, pochi ya simu, mpaka muuza taho, ile tofu laini ya sharubati, ana karatasi ya kuskani imefungwa kwenye ndoo yake. Zile jipni zetu za picha na vioo vingi zimepungua, kuna mabasi madogo yenye kiyoyozi, ukisema "para po", yaani shusha, dereva hasikii mpaka ubonyeze kengele. Karaoke ya jirani ipo palepale, usiku wa manane mtu yuleyule na wimbo uleule, nikamsikia usiku wa kwanza nikafurahi mpaka machozi. Hayo yote mtu unayazoea.

Ambacho sijakizoea ni sura.

Nilipotoka Calamba nikaanza kuziona. Sura ya mheshimiwa kwenye bango la turubai akipongeza wahitimu, sura yake kwenye kituo cha kusubiria jipni, jina lake ubavuni mwa ambulensi, jina lake kwenye paa la uwanja wa basketiboli kubwa kiasi kwamba nadhani rubani analisoma, mkewe kwenye bango la sikukuu ya mtakatifu, mtoto wake kwenye bango la chanjo ya mbwa. Kwenye msiba mtaa wa pili turubai la kukalia waombolezaji lina jina lake, shada la maua lina jina lake kubwa kuliko la marehemu. Nikamuuliza dereva wa bajaji huyu mtu anagombea nini, uchaguzi si uliisha Mei? Akanijibu kwa upole kabisa, kama anamwelekeza mgeni njia, kwamba hagombei, anasaidia tu.

Sasa ngoja niwaambie kuhusu hospitali, maana hapo ndipo nilipovunjika.

Hospitali ya serikali ilikuwa imejaa mpaka korido, Lola akapelekwa ya binafsi. Mnasikia kwamba Rais Marcos alitangaza Julai 2025 mgonjwa wa wodi ya kawaida kwenye hospitali za Wizara ya Afya hatoki na deni, ni kweli alitangaza, ila sisi kitanda huko hatukupata. Bili ikafika peso 418,000. Ukitoa punguzo la wazee la asilimia 20, ukitoa 76,000 za PhilHealth, bima ya afya ya taifa, bado 258,000 na kidogo, hiyo ni kama milioni 11 za Bongo. Hatoki mtu mpaka ilipwe. Nikaweka akiba yangu, binamu aliyeko Dubai akatuma, pikipiki ikawekwa rehani, bado haitoshi. Ndio nikasikia Tita anasema neno ambalo kila mtu kwenye ile korido alikuwa analisema, GL. Barua ya dhamana. Unakwenda ofisi ya mheshimiwa, anakuandikia barua kwamba hela kiasi fulani itatoka serikalini kulipia bili yako, barua inabeba jina lake, unaipeleka hospitali.

Tukatoka nyumbani saa tisa usiku. Tita alikuwa na bahasha ya plastiki ndani ya mfuko wa nailoni ndani ya mkoba, mvua ilikuwa inanyesha: ripoti ya daktari, bili yenye muhuri, cheti cha barangay, serikali ya mtaa, kwamba hatuna uwezo, maelezo ya ofisa ustawi wa jamii, kopi tatu za kitambulisho cha Lola na tatu za kwake. Tulipofika kulikuwa na watu wamelala kwenye maboksi. Mama mmoja mbele yetu alikuwa na mtoto wa figo anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki, akaniambia yeye hii foleni anaipanga kila mwezi na ofisi sita anazijua kwa ratiba, Jumatatu huku, Jumanne kule. Alisema kama mtu anayetaja siku za gulio. Saa nne asubuhi tukaingia, dada wa ofisini akatabasamu, akagonga muhuri, peso 20,000, kisha akasema tusimame pembeni na barua tuishike kifuani. Picha. Nyuma yetu ukutani sura yenyewe, kubwa, imecheka. Tita akacheka pia. Nilimwona anarekebisha nywele.

Tulizunguka ofisi tano. 30,000, 20,000, 10,000, 10,000, 5,000. Jumla 75,000 na picha tano.

Njiani kurudi Tita akasema mabait siya, yani ana roho nzuri yule. Mimi nikashindwa kujizuia, nikamwambia Tita, hizo hela ni zako, ni kodi yako, VAT unayokatwa kwenye kila kopo la sardini, ni hela za Lola aliyefundisha shule ya msingi miaka 34, kwa nini zipitie mfukoni kwa mtu mmoja na picha ukapigwa? Hakunijibu mpaka tumeshuka. Halafu akasema: "Anak, mwanangu, usiku Lola wako alipoanguka, ambulensi ya nani ilikuja? Wewe ulikuwa wapi?"

Sina jibu la hilo swali mpaka leo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mimi hii hadithi nilikuwa naisimulia kinyume. Tarehe 26 Agosti 2013 nilikuwa Luneta, ule uwanja wa Manila, kwenye maandamano, nyie wengine mnakumbuka nilivyorudi nimeungua na jua. Watu wamejaa wamevaa nyeupe, hasira ya zile hela ambazo kila mbunge na seneta alikuwa anapewa fungu agawe atakavyo, nyingi zikamezwa kupitia mashirika hewa ya mama mmoja, Janet Napoles. Novemba mwaka ule Mahakama ya Juu ikasema fungu lile ni kinyume cha katiba. Niliisoma niko Moro, nikaruka. Miaka 12 nimewasimulia watu vijiweni, kwamba kule bwana watu waliingia uwanjani na mahakama ikasikia, nasi tungejifunza. Nilijisifia nchi ya mama yangu kama mtu anavyosifia timu yake.

Kumbe fungu halikufa, lilibadilisha njia. Kufikia 2025 lilikuwa na majina mengi ya mipango ya misaada ya serikali, AICS, TUPAD, MAIFIP, AKAP, na hiyo AKAP peke yake iliwekewa peso bilioni 26 kwenye bajeti ya 2025. Bajeti hiyohiyo ruzuku ya serikali kwa PhilHealth ikawekwa sifuri. Someni tena hapo. Bima ambayo mgonjwa anaidai kama haki yake bila kumwomba mtu ilipewa sifuri, halafu misaada ambayo lazima ukaombe ikanona. Hilo sio bahati mbaya, hela imehamishwa kutoka mahali ambapo huhitaji kumshukuru mtu, ikapelekwa mahali ambapo ni lazima umshukuru.

Nyie mnajua utang na loob, lile deni la moyoni, mtu akikutoa kwenye shida hulilipi likaisha, unalibeba na watoto wako wanalibeba. Mimi nililelewa nalo, nalipenda. 2009 kimbunga Ondoy kilipopiga na ziwa likapanda likakaa kwenye mitaa ya huku chini wiki na wiki, Mang mmoja, yaani mzee, wa mtaa wa Mayondon alitubebea magodoro kwa mtumbwi wake, na mpaka leo mama akituma zawadi toka Moro jina lake halikosi. Lolo, babu yangu, alipofariki 2010 lamay, mkesha wa msiba, ilikuwa usiku saba, watu wanacheza karata mpaka alfajiri, biskuti na kahawa, na kila mchezo sehemu ya hela inawekwa pembeni kwa wafiwa, sawa na rambirambi zetu ila bila daftari. Huo ndio Ufilipino niliobeba. Sasa mtu amekuja akachukua kile kitu kizuri kuliko vyote walivyonavyo hawa watu, akakifanya kamba ya kura. Kwetu tuliwahi kuiita takrima, ila takrima ilikuja na msimu wa uchaguzi ikaondoka nao. Hii inakaa mwaka mzima, inakukuta wodini, inakukuta msibani.

Nilimweleza hayo Tita siku Lola aliporuhusiwa. Nikamwambia zamani haikuwa hivi. Akanitazama, akaenda kabatini, akaleta boksi la biskuti lenye vipepeo vya plastiki, vile vya kujipepea wanavyogawa kanisani na kwenye mikutano. Akavipanga mezani kimoja kimoja. Cha juu cha 2025, sura ya binti. Chini yake sura ya mama. Na cha chini kabisa kimepauka, pembe imevunjika, sura ya baba, jina la ukoo lilelile, na nyuma yake namba za simu za dharura za Ondoy. 2009. Mpini umefungwa na uzi wa bluu, na ule uzi nilifunga mimi. Nilikipepea kile kitu mwaka mzima nikiwa na miaka 18, nikiwa natoka basketiboli, na sikumbuki hata siku moja kuiangalia ile sura.

Nimekaa na hilo siku nyingi. Katiba yao ya 1987 inakataza koo kumiliki siasa, inasema kabisa, lakini kwa namna sheria itakavyofafanua, na sheria hiyo inatakiwa itungwe na bunge, na bunge limejaa nani? Mpaka 2025 walikuwa hawajaitunga. Meya akimaliza vipindi vyake vitatu anamwachia mke, mke anamwachia mtoto. Mei 2025 Duterte, rais wa zamani, alichaguliwa meya wa Davao akiwa mahabusu wa mahakama ya kimataifa The Hague. Na hii hasira ya miradi ya kuzuia mafuriko, hela zimelipwa kuta hazipo, mmeiona. Tarehe 21 Septemba 2025 binamu yangu alivaa nyeusi akaenda Luneta, sauti ikamkauka, mimi nikamwangalia kwenye tivii ya wodini moyo unadunda kama 2013. Wiki hiyohiyo yule binamu alikuwa nyuma yangu kwenye foleni ya GL ameshika mwavuli, na sikumlaumu, hakuna mtu pale ningeweza kumlaumu.

Kama una mtu huku, sikiliza. Hakikisha michango yake ya PhilHealth haina pengo, kama kafika 60 hakikisha kadi yake ya wazee ipo, na mwekee kopi za kila kitambulisho mahali pasipofika maji. Tuma hela kabla hajaugua, sio baada. Na ukija, mtu akikwambia mheshimiwa ni mwema usimbishie siku ya kwanza kama mimi. Muulize kwanza alisaidiwa lini na alikuwa na nani.

Lola anaendelea vizuri, mkono wa kulia bado mzito. Mchana joto likipanda anashika kipepeo kwa mkono wa kushoto, kipya cha binti kwa sababu ndicho kigumu, anajipepea taratibu anaangalia barabarani. Uchaguzi wa barangay umesogezwa mpaka Novemba 2026 na ameshauliza nani atampeleka na kiti chake cha magurudumu.

Jana Tita aliamka saa kumi kupika suman, wali wa kunata wa kufungwa kwenye jani, harufu ya jani la mgomba na tui ikajaa nyumba nzima. Nilidhani ni yetu. Akafunga vipande 40, vinane vinane kwa uzi, akavipanga kwenye mafurushi matano, moja kwa kila ofisi, akasema vizito, anak, nisaidie kubeba. Lola alikuwa ananiangalia kutoka kwenye kiti.

Nikabeba.