Shingo haitakati

Jumamosi, usiku, karibu na jiko la mkaa.

Wiki hii mganga mfawidhi mpya ameripoti, stoo ya dawa imehamishwa, na sendofu ya binti wa Shangazi imepita salama (gauni lilitosha, asanteni mlioniombea). Hayo yote nitayaandika siku nyingine. Nina maneno ya Jumanne yamenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Kamwene, nesi."

"Kamwene, mama Faraja. Za Mafinga?"

"Baridi tu. Hii shingo ya mtoto haitakati. Nimemsugua na dodoki mpaka analia."

Mama Faraja ni mteja wangu wa siku nyingi, na jina hilo si lake. Nikakunja kola ya sare. Weusi mzito, laini kama mahameli, umefuata mikunjo ya shingo, na kwapani vilevile. Ule si uchafu. Seli zikianza kuwa sugu kwa insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, kongosho huongeza kuitoa, na insulini inayozidi kwenye damu huichochea ngozi ya sehemu hizo ikue na kunenepa. Dodoki linachubua tu. Nikampandisha kwenye mizani: miaka 9, kilo 46, sentimita 134.

"Mama Faraja, huyu ndiye wa ile mimba ya sukari?"

"Ndiye. Si uliniambia imekwisha?"

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo linaloniuma. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei aliyokwisha kutajiwa. Na kweli nilimwambia kisukari chake cha mimba kimekwisha. Siku ya pili baada ya kujifungua sukari yake kabla ya kula ilisoma 4.9 (namba zote za sukari hapa ni milimoli kwa lita ya damu), nikasema, "Imekwisha, mama, nenda ukanyonyeshe." Kwa upande wake nilikuwa sahihi. Homoni za kondo la nyuma ndizo zinazoufanya mwili wa mjamzito uigomee insulini, hasa kuanzia wiki ya 24 hivi, na kondo likitoka ugomvi unapoa ndani ya siku chache. Mimi nilisema ya mama. Yeye alisikia ya wawili.

Tangu Jumanne naurudia mlolongo kichwani, nikitafuta pale ambapo ningeweza kuongeza sentensi moja. Sukari ya mama hupita kwenye kondo, insulini yake haipiti. Mtoto akipokea sukari nyingi hana wa kumsaidia, kongosho lake dogo linatengeneza insulini ya kwake. Na tumboni insulini ni homoni ya kukuza: inaweka mafuta mabegani na tumboni. Ndiyo maana Faraja alizaliwa na kilo 4.4, mabega yakakwama kidogo, bibi yake akapiga vigelegele kwa "mtoto wa afya". Kamba ya kitovu ikikatwa, sukari ya mama inakoma ghafla lakini insulini ya mtoto bado ipo juu. Kipimo chake cha kwanza kilisoma 2.1. Tunataka 2.6 au zaidi. Tukamkamulia dang'a kwa kijiko, akanyonya, tukapima tena kabla ya nyonyesho lililofuata, 3.1. Hapo wote tulipumua, na hapo ndipo nilipofunga faili kichwani mwangu.

Kumbe yale ya siku ya kwanza ndiyo mepesi. Mtoto aliyelelewa kwenye sukari nyingi tumboni anaweza kubaki na mpangilio tofauti wa kongosho, wa mafuta, hata wa shibe kwenye ubongo. Wapo watakaosema ni ukoo tu, au ni chungu kimoja cha ugali. Jibu ninalolipenda limetoka kwa Wapima (Pima), kabila la wenyeji asilia wa Arizona, Marekani. Mwaka 2000 watafiti walilinganisha ndugu wa mama mmoja: waliozaliwa kabla mama hajapata kisukari na waliozaliwa baada. Mama huyohuyo, nyumba ileile. Waliozaliwa baada walikuwa na uwezekano wa kupata kisukari karibu mara nne ya ndugu zao. Halafu utafiti wa HAPO, uliopima wajawazito zaidi ya 20,000 katika nchi 9, uliwarudia watoto wakiwa na miaka 10 hadi 14. Wale ambao sukari ya mama ilikuwa imefika kiwango cha kuitwa kisukari cha mimba walikuwa na mafuta zaidi mwilini, na sukari yao ilidhibitika vibaya zaidi kuliko ya wenzao.

Kinachodanganya ni miaka ya katikati. Mtoto mkubwa wa kuzaliwa mara nyingi hurudi kwenye mstari wa wenzake akifika mwaka mmoja au miwili. Grafu inapendeza. Unene unarudi akiwa na miaka 5, 6, 7. Na sisi kliniki ya watoto tunaishia miaka 5! Tunaweka mizani chini wakati uleule unaohitaji kuangaliwa. Sukari ya mimba imeandikwa kwenye kadi ya mama, kadi ya mama imewekwa juu ya kabati na panya ameila, na mtoto anaingia darasa la kwanza bila mstari hata mmoja unaosema alitoka wapi.

Hapa nikaanza kukasirika badala ya kusikitika, afadhali.

Maana hata kipimo chenyewe tunakiharibu. Wiki ya 24 hadi 28, mama afunge saa 8 hadi 14, apimwe, anywe gramu 75 za glukosi kwenye maji mililita 250 hadi 300 ndani ya dakika 5, apimwe baada ya saa 1 na saa 2. Ikifika 5.1 kabla ya kunywa, au 10.0 baada ya saa 1, au 8.5 baada ya saa 2, namba moja tu inatosha kukiita kisukari cha mimba. (Unga wa glukosi wenye maji ndani yake unapimwa gramu 82.5, siyo 75, angalieni pakiti.) Sasa njoo Mafinga mwezi wa saba. "Umekula?" "Sijala, nesi, nimekunywa chai tu." Chai tu! Vijiko vitatu vya sukari na maziwa. Mwingine anakunywa glukosi kisha anakwenda sokoni kununua viazi, anarudi anahema, misuli imeshatumia ile sukari. Na damu ikiachwa kwenye benchi, chembe zake zinaendelea kula sukari, asilimia 5 hadi 7 kila saa, mpaka mgonjwa anakuwa mzima kwenye karatasi. Kipande cha kupimia mkojo ndiyo kabisa msinitajie, mjamzito anaweza kuvujisha sukari kwenye mkojo hali damu yake ni nzuri, na kinyume chake.

Nikamwambia mama Faraja nini? Sikumwambia kwamba angetibiwa vizuri zaidi mtoto angekuwa mwembamba. Matibabu wakati wa mimba yanapunguza watoto wakubwa kupita kiasi na mabega kukwama, hilo halina shaka. Lakini watoto wa majaribio ya matibabu hayo walipofuatiliwa, tofauti ya unene haikuonekana wazi. Kumbebesha lawama ingekuwa uongo wa pili.

Nikamwambia haya. Soda na juisi za boksi ziondoke nyumbani kwa wote, siyo kwa Faraja peke yake. Soda ya mililita 350 ina sukari gramu 35 hivi. Viazi viliwe na maharage na mboga, siyo viazi na chipsi. Asimpunguzie chakula ili akonde, urefu wake bado unakuja na unaweza kuukuta uzito. Apimwe urefu, uzito na presha kila baada ya miezi 3. Na yeye mama, ambaye hajapimwa tangu siku ile ya 4.9, afunge arudi. Ilitakiwa wiki ya 6 hadi 12, angeunganisha na chanjo ya mtoto, halafu kila mwaka mmoja hadi mitatu.

Alhamisi walirudi wote wawili, bila chai. Faraja 5.4. Mama 6.6.

Ya mtoto bado ipo ndani ya mstari, 5.6 ndipo tunapoanza kukunja uso, ingawa kwa shingo ile sitamwachia. Ya mama siyo kisukari bado, ila imesogea. Akatazama karatasi, akasema, "Basi safari hii usiniambie imekwisha," akacheka. Nami nikacheka. Nimeandika kwa kalamu nyekundu kwenye daftari jipya la Faraja, ukurasa wa kwanza: mama alikuwa na sukari mimba ya huyu.

Nje anga limetakata, hakuna wingu hata moja, na upepo umetulia. Viazi vya mama yangu kule kwenye vinyungu, mashamba ya bondeni, ndiyo vimetoa maua. Alipiga simu jioni, amefunika matuta kwa nyasi yasichomwe na baridi ya usiku, mpaka nusu ya shamba, nyasi zikaisha.